Mvua au hela ya kahawa? Ziulize nukta

Mimi huku Tingi niliamini mvua ndo inaua soda dukani. Msimu wa mvua nikaacha kuleta. Wateja wakahamia kwa jirani, wengine hadi leo hawajarudi.

Mwaka uliofuata nikaleta kama kawaida ila nikawa naandika. Nikachukua daftari la vijiboksi: mstari wa chini siku za mvua kwa wiki, mstari wa kusimama kreti zilizouzwa. Kila wiki nukta moja. Mwaka ulipoisha, nukta zilishuka kweli: mvua nyingi, kreti chache.

Ila nikaangalia nukta za Januari mpaka Machi peke yake. Zimetawanyika tu, hazina mwelekeo! Wiki ya mvua na wiki kavu, mauzo yaleyale.

Kumbe ni hela ya kahawa. Kahawa inauzwa kiangazi. Mvua ikinyesha, mifuko ya watu imeshakauka.

Kwa hiyo boss, vitu viwili vikienda pamoja usikimbilie kusema hiki kimeleta kile. Tafuta cha tatu kilichojificha kabla hujagusa mtaji. Dukani kwako ni kipi?