Haki ya jinai: somo ambalo makanisa ya Fizi na Baraka yasiliache

Kila mwaka matokeo ya Diploma ya Serikali yanapotoka, wazazi wa Baraka, Mboko, Lulimba na Fizi-Centre hutuuliza: mtoto asome nini? Wengi wanataka udaktari, wengine ualimu, wengine theolojia. Ni wachache wanaotaja haki ya jinai, yaani elimu ya jinsi kosa linavyochunguzwa, linavyohukumiwa, na jinsi mfungwa na aliyeumizwa wanavyotendewa baada ya hukumu. Leo tunapenda kueleza masomo hayo ni nini, njia yake ni ipi, na kwa nini yanatuhusu sisi.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la taifa waliuvamia mji wa Fizi, wakapora nyumba na kubaka wanawake. Wiki chache baadaye, mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi Baraka, ili waliotendewa wasilazimike kusafiri hadi Bukavu. Kesi ilianza tarehe 10 Februari. Wanawake 49 walitoa ushahidi, na majina yao yalifichwa ili kuwalinda. Tarehe 21 Februari, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kamanda wa askari hao, ambaye alikana mashtaka, alihukumiwa miaka 20 jela kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Maafisa wengine watatu walipewa miaka 20 pia, na askari wengine walipata vifungo vifupi zaidi. Mahakama iliamuru pia fidia kwa waathirika.

Kesi hiyo haikufaulu kwa bahati. Mashirika ya kimataifa yalisaidia usafiri na gharama, lakini fedha peke yake haziandiki hati ya mashtaka. Waendesha mashtaka walitumia Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002. Ili kosa liwe dhidi ya ubinadamu, haitoshi kuonyesha kwamba mwanamke fulani amebakwa. Ni lazima kuthibitisha kwamba kulikuwa na shambulio kubwa au la mpango juu ya raia, na kuonyesha jinsi kamanda anavyohusika na matendo ya watu wake. Asiyejifunza mambo hayo anaweza kumshtaki askari wa mwisho na kumwacha mkubwa aende zake. Hapo ndipo elimu ya juu inapokuwa na uzito katika maisha ya mama wa kijijini.

Sheria nazo zinazidi kubadilika. Mwaka 2006 Kongo ilipitisha sheria mbili juu ya ukatili wa kijinsia. Kwa mujibu wake, uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu tangu kesi ifikishwe mbele ya sheria. Hakimu au mwendesha mashtaka anapaswa kumwita daktari na mtaalamu wa saikolojia. Faini ya kumaliza mambo pale parke haikubaliwi katika makosa haya. Mwaka 2013 mahakama za rufani za kiraia zilipewa nazo uwezo wa kuhukumu makosa makubwa ya kimataifa, na mwisho wa mwaka 2015 makosa hayo yaliingizwa katika sheria yetu ya adhabu. Sheria hizi ni nzuri. Lakini nani atazisimamia Fizi, kama hakuna aliyezisoma kwa kina?

Sasa, njia yenyewe. Katika nchi yetu, anayetaka haki ya jinai kwa kawaida huanza na Fakulte ya Sheria. Kwa mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3 na masta ni miaka 2, kisha doktora kwa anayetaka kufundisha au kufanya utafiti. Waliosoma kwa mfumo wa zamani walifanya graduwa miaka 3 na lisansi miaka 2. Bukavu ina fakulte za sheria katika Chuo Kikuu cha Serikali, UOB, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki, UCB. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Shule ya Kriminolojia, inayochunguza kosa kama jambo la jamii: kwa nini linatokea, polisi hufanya kazi namna gani, gereza linamfanya mtu awe nani.

Kwenye masta mwanafunzi husoma sheria ya adhabu na taratibu za kesi, ushahidi, sheria ya jinai ya kimataifa, haki za mfungwa, na hali ya waathirika. Kisha huandika kazi ya utafiti. Kijana wetu angeweza kuandika juu ya mahakama ya kuzunguka iliyoketi Baraka, au juu ya mauaji ya Makobola ya mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Milango inayofunguka baadaye ni mingi: uhakimu, parke, uavoka, polisi, magereza, ualimu wa chuo kikuu, au utetezi wa haki za binadamu.

Vikwazo tunavijua: minervali, vita, na barabara. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, safari ya mwanafunzi wa Fizi imekuwa nzito zaidi. Ndugu zetu walioko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wana vikwazo vyao vya ukimbizi. Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, kabla ya kulipa, hakikisheni chuo kinatambuliwa na Serikali. Pili, aliyesoma nje ya nchi atafute mapema hati ya kulinganisha diploma yake na ile ya Kongo.

Wengine watasema kazi ya kanisa ni Injili, si mahakama. Lakini Musa, kwa shauri la Yethro, aliweka watu wanaomcha Mungu na kuchukia rushwa ili wahukumu watu. Bwana Yesu alimtaja mjane aliyemsumbua kadhi asiye haki mpaka akasikilizwa. Paulo naye alidai haki yake mbele ya Kaisari. Tukimsomesha mchungaji na muuguzi, tumsomeshe pia hakimu asiyenunulika. Tunapendekeza makanisa kadhaa yaungane, yamchague kijana mmoja, wa kiume au wa kike, yamlipie, na yapatane naye kwa maandishi kwamba atarudi kututumikia kwa miaka inayokubaliwa.

Wakati tunangoja arudi, kuna jambo la kufanya leo. Binti akibakwa, apelekwe hospitali ndani ya saa 72, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai tena baada ya hapo. Na familia zikija ofisini kwa mchungaji na mbuzi wawili ili mambo yaishe kimya, tusiwabariki. Mbuzi hawaondoi kosa mbele ya sheria. Mbele za Mungu, binti huyo bado anangoja jibu letu.