Goma: Kabla ya kupaka nyumba rangi, ukuta unatayarishwa vipi?

Mjini Goma, nyumba nyingi ni za mbao. Baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kufunika sehemu kubwa ya katikati ya muji, familia nyingi zilijenga upya kwa mbao juu ya mawe yale yale. Mbao ni nyepesi, zinajengwa haraka, na zinaweza kung'olewa na kuhamishwa. Lakini zinaomba matunzo. Watu wengi wananunua rangi kwa bei kali, kisha mvua za musimu mumoja tu zinaibandua.

Mara nyingi kosa si la rangi. Ni la ukuta.

Vumbi kwanza. Rangi ikipakwa juu ya vumbi jeusi la volkano, inashika vumbi, haishiki ubao. Ukuta upigwe brosi kavu kutoka juu kwenda chini, kisha upanguswe kwa maji ya sabuni na maji safi. Kwa wale wanaobeba maji kwa bido, brosi ikifanya kazi yake vizuri, maji kidogo yanatosha.

Rangi ya zamani. Bandika skochi ukutani, halafu ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, hapo bado pa kukwangua. Rangi za zamani zinaweza kuwa na plombi, yaani madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Kwa hiyo lowesha kidogo kabla ya kukwangua, watoto wakae mbali, na maganda yakusanywe yasiingie kwenye maji ya mvua ya kutumia nyumbani.

Mbao zilizopakwa vidanje. Mafuta machafu ya injini yanazuia wadudu, lakini yanazuia na rangi pia. Mwagia ubao matone ya maji: yakisimama kama shanga bila kuingia, mafuta yangali mule. Osha kwa sabuni na maji ya moto, piga msasa, kisha jaribu tena. Ikishindikana, ubao unaweza kugeuzwa, upande safi utazame inje.

Misumari na sehemu ya chini. Moshi wa volkano unaifanya mvua kuwa na asidi, ndiyo maana manjanja na misumari inashika kutu mbio. Kutu isiposuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, itatokea tena juu ya rangi mpya. Mbao za chini, zinazorukiwa na matope, zikioza zibadilishwe.

Kukauka. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti. Musimu mwingine, ngojea siku kadhaa za jua, umande wa asubuhi ukauke. Ukuta wa sementi uliopigwa plasta mpya ungojee wiki 4 hivi.

Kama pesa ni kidogo, afazali kutayarisha vizuri upande mumoja, ule unaopigwa na mvua zaidi, kuliko kupaka pande zote nne juu ya vumbi.