Kumtayarisha Mtoto kwa Darasa la Kwanza

Kila mwaka, mwezi wa Januari, maelfu ya watoto wa Kenya waliotimiza umri wa miaka sita huingia darasa la kwanza. Aghalabu mzazi hupima matayarisho ya mtoto wake kwa kulitazama daftari la chekechea. Likiwa limejaa herufi na hesabu, hufurahi. Likiwa tupu, hununa na kusema kwamba karo imeliwa bure. Lakini daftari ni shahidi dhaifu. Mtoto aweza kujaza kurasa nyingi kwa kunakili yaliyo ubaoni asijue hata kidogo aliloandika, na mwingine ambaye hajazoea kalamu akawa tayari kwa masomo.

Shule za chekechea si jambo geni katika nchi hii. Zamani za ukoloni zilikuwako nasari katika mashamba makubwa, ambako watoto walilindwa huku mama zao wakifanya kazi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, vituo vya kulea watoto vilifunguliwa katika vijiji ambavyo watu wa Mkoa wa Kati walilazimishwa kuhamia, kwa kuwa kina mama walitolewa nje kwenda kufanya kazi za amri. Kusudi la vituo hivyo lilikuwa ulinzi tu. Baada ya Uhuru mwaka 1963 wananchi wenyewe walijenga nasari nyingi kwa Harambee. Mwaka 1980 usimamizi wake ukakabidhiwa Wizara ya Elimu, na Katiba ya mwaka 2010 ikaiweka elimu ya awali mikononi mwa serikali za kaunti. Siku hizi mtoto hupitia miaka miwili ya elimu hiyo, akiwa na umri wa miaka minne na mitano.

Je, kazi ya miaka hiyo miwili ni nini?

Kwanza ni mikono. Vidole vya mtoto wa miaka minne bado ni laini. Akilazimishwa kuandika kabla havijapata nguvu, huikamata kalamu kwa ngumi, huchoka upesi, na mwishowe huichukia kazi yenyewe. Dawa yake haiuzwi dukani. Kufinyanga ng'ombe wa udongo, kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kuchora mistari na duara mchangani kwa kijiti: hayo ndiyo yanayovikomaza vidole. Mwalimu anayewapa watoto udongo hachezi na fedha za wazazi, ijapokuwa watoto hurudi nyumbani na nguo chafu.

Hesabu nayo huwadanganya wengi. Mtoto akiweza kutamka moja hadi mia bila kusita, majirani huitwa waje kusikia. Lakini huenda huo ni wimbo tu. Jaribio lake ni rahisi: na aambiwe alete magunzi manne kutoka jikoni. Akibeba yote yanayomjaa mikononi, bado hajafahamu ya kuwa nne ni idadi ya vitu. Akileta manne, yakatawanywa mkekani, naye akasema bado ni manne, amefika mbali kuliko yule mwenye wimbo wa mia. Mtoto anayetumwa kila jioni kuweka sahani moja mbele ya kila mtu anajifunza hesabu pasipo kujua.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni usemi. Kusoma ni kulinganisha alama iliyoandikwa na neno ambalo msomaji analijua tayari. Asipolijua neno, hata akiitamka alama sawasawa, hapati maana. Kwa sababu hiyo kamati ya Gachathi, katika ripoti yake ya mwaka 1976, ilishauri kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi. Mtoto wa Machakos awezaye kusimulia kwa Kikamba jinsi mbuzi alivyopotea, alivyotafutwa na alivyopatikana, bila kuruka jambo, ana msingi ambao Kiswahili na Kiingereza vitajengwa juu yake. Katika mitaa ya mijini yenye watu wa makabila mengi, Kiswahili hufanya kazi hiyo.

Wapo wazazi wanaomkataza nyanya asiseme na mjukuu kwa lugha ya nyumbani, wakihofu kwamba Kiingereza kitaharibika. Hofu hiyo haina msingi, na hasara yake ni kubwa. Mtoto hunyimwa hadithi, vitendawili na maswali ya mtu mwenye wakati wa kumsikiliza, naye hupewa badala yake maneno machache ya Kiingereza ambayo hata wazazi hawayatumii wanapokasirika. Hufika shuleni akiwa na lugha mbili, na zote mbili ni nusu nusu.

Afya pia isisahauliwe. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huitwa mkaidi au mjinga. Na aitwe kwa sauti ya chini akiwa amegeuka. Asipoitika mara kwa mara, au sikio likitoa usaha, apelekwe kwa daktari kabla shule haijafunguliwa.

Lawama ya kuwalazimisha watoto kuandika mapema isiwekwe juu ya walimu peke yao. Walimu wengi wa chekechea wamefunzwa vema, lakini huogopa kwamba wakiacha watoto wacheze, wazazi watawahamishia shule ya jirani. Wengine hudai kwamba mtoto lazima aandae mtihani wa kuingia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kupewa mtihani ili akubaliwe katika shule ya umma, isipokuwa kwa kutambua darasa linalomfaa. Mzazi anayeijua sheria hiyo hana haja ya kumkesheza mtoto wa miaka mitano juu ya daftari.

Majuma ya mwisho kabla ya Januari yana kazi nyingine. Mtoto afundishwe kufunga vifungo vyake, kunawa mikono, na kutaja jina lake kamili na la mzazi wake. Baba au mama atembee naye njia ya shule mara mbili tatu, wamsalimu mwalimu, na amwonyeshe choo kilipo. Watoto wengi hulia katika juma la kwanza kwa sababu wamebanwa na haja, nao hawajui waende wapi wala wamwulize nani.