Ireland yapanua kura ya Seneti, wengi bado nje

Seneti ya Ireland ina wajumbe 60: 43 huchaguliwa na wanasiasa, wakiwamo madiwani, 11 huteuliwa na Waziri Mkuu, na sita huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu.

Mwaka 1979 wananchi waliridhia Katiba ibadilishwe ili wahitimu wa vyuo vingine, mbali na Chuo Kikuu cha Taifa na kile cha Dublin, waweze kupewa kura. Bunge halikutunga sheria hiyo hadi mwaka 2024, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2023.

Hata hivyo, raia wa kawaida asiye mhitimu angali hana kura. Mageuzi ya Seneti yenyewe bado yanasubiriwa.