Kichwa kinauma kila siku? Pengine ni vidonge vyenyewe

Huku kwetu kichwa kikianza kuuma, mtu anasema tu: «Ni malaria.» Anapita kwa duka la dawa, ananunua vidonge viwili vitatu, anarudi kazini. Kesho tena vilevile. Mama anayebeba mizigo Bukavu na kamba kwenye paji la uso, kijana wa moto anayekula vumbi la Goma tangu asubuhi, wote wana vidonge mfukoni.

Lakini ni kitu gani kinauma? Siyo ubongo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu: kuko operesheni ambamo muganga anaugusa na mgonjwa yuko macho, anaongea naye. Kinachosikia ni ngozi ya kichwa, misuli, mishipa ya damu na utando unaofunika ubongo. Habari zao zinapita kwa mishipa ya fahamu, hasa ule mkubwa wa uso wenye matawi matatu: moja kwa paji na jicho, moja kwa shavu, moja kwa taya. Unakutana na mishipa ya shingo pahali pamoja, chini ya ubongo. Ndiyo maana shingo iliyochoka na mzigo inaweza kukuumiza mpaka nyuma ya jicho.

Migreni, yaani kipandauso, ni kitu kingine. Mara nyingi inashika upande mmoja, inapiga kama ngoma, inaleta kutapika, na mwangaza unakuwa adui. Bila dawa inaweza kudumu saa 4 mpaka siku 3. Inasumbua wanawake kupita wanaume. Siyo ulozi, wala siyo uvivu, hata kama bwana nyumbani anasema hivyo.

Sasa fikia vile vidonge. Mtu mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara, akimeza parasetamoli ao ibuprofeni siku 15 ao zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya 3, mishipa yake inazoea. Inakuwa mikali zaidi: kitu kidogo tu, inapiga kelele. Kwa tramadoli na dawa za kuchanganya, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Dawa ikiisha mwilini, kichwa kinarudi, mtu anameza tena. Amefungwa.

Kutoka humo ni kuacha, na siku za kwanza ni ngumu kweli: kichwa kinazidi kwanza kabla ya kupoa. Aliyezoea tramadoli asiache ghafla peke yake, aende kituo cha afya. Andika kwenye karatasi siku gani kiliuma na ulimeza nini. Muganga atafurahi kuona ile karatasi kuliko hadithi ndefu. Na kama unawaza malaria, pima damu kwanza. Kipimo ni tone moja la kidole.

Kuko kichwa ambacho hakingoji karatasi: kilichoanza ghafla na kwa nguvu sana, chenye homa na shingo ngumu, kinachofuatana na mkono kulegea ao mdomo kupinda, ao kilichokuja kisha kuanguka na kugonga kichwa. Na mama mwenye mimba inayokaribia kuzaliwa, kichwa kikimuuma sana na macho yakiona ukungu, apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.