Neno "Breach" katika Mkataba Wako

Mikataba mingi ambayo mlaji wa kawaida hutia saini huandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza bila uangalifu. Mkopo, bima, king'amuzi, pikipiki ya kulipia kidogo kidogo: ndani ya karatasi hizo mara nyingi limo neno "breach", linalosomwa "brichi". Kiswahili hakina neno moja linaloweza kulibeba kila mahali. Kwa jambo moja tutasema kuvunja, kwa jingine kukiuka, kwa jingine kuvuja. Mlaji anayechanganya maana hizo anaweza kupoteza fedha nyingi, ama chombo anachotegemea kwa riziki yake.

Tuchukue mfano wa kijana wa Mazinde, wilayani Korogwe, anayebeba abiria na mizigo kati ya barabara kuu iendayo Moshi na vijiji vilivyo kando ya mashamba ya mkonge. Amechukua pikipiki kwa mkataba. Kila siku anapeleka shilingi 10,000, na ikitimia miezi 14 pikipiki itakuwa mali yake. Amelipa miezi kumi bila kukosa, yaani takriban shilingi 3,000,000. Kisha mvua za masika zinaharibu njia, abiria wanapungua, anashindwa kulipa siku tisa. Mwenye pikipiki anamwandikia ujumbe mfupi: "Umevunja mkataba, rudisha chombo." Kijana anarudisha funguo siku hiyo hiyo, kwa kuwa anaamini kitu kilichovunjika hakipo tena.

Hapo ndipo neno lilipomponza. Katika Kiswahili cha kila siku, "kuvunja mkataba" kuna maana mbili. Tunasikia redioni kwamba klabu ya mpira na mchezaji wake wamevunja mkataba. Maana yake wamekubaliana kuumaliza, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Tunasikia pia kwamba mkandarasi amevunja mkataba. Maana yake hakutimiza alichoahidi. "Breach" ni hii maana ya pili tu, na Kiswahili sahihi zaidi chake ni kukiuka. Kuumaliza mkataba ni kuusitisha, na hicho ni kitendo kingine kabisa, chenye taratibu zake.

Kukiuka mkataba hakuufuti mkataba papo hapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 39, humpa mtu hiari ya kuusitisha pale mwenzake anapokataa kutimiza ahadi yake yote au anapojiweka katika hali ya kutoweza kuitimiza. Kuchelewa siku tisa, huku mlipaji akisema yuko tayari kufidia, si lazima kufike huko. Ni kweli kwamba mkataba wenyewe unaweza kuwa na sharti linaloruhusu kusitishwa hata kwa kuchelewa kidogo. Kwa hiyo kijana wetu angepaswa kuuliza, kabla ya kutoa funguo: ni kifungu kipi nimekikiuka, na je, kifungu hicho kinasema nini kitakachofuata? Huenda kinamtaka mwenye pikipiki atoe notisi kwanza. Huenda hakisemi lolote kuhusu kunyang'anywa.

Suala la faini nalo linahitaji maelezo. Kwa kifungu cha 73 cha sheria hiyo hiyo, aliyekiuka mkataba hulipa fidia ya hasara iliyotokana na kitendo chake kwa njia ya kawaida, wala si hasara ya mbali na ya kubuni. Mkataba ukitaja kiasi maalumu, tuseme shilingi 20,000 kwa kila siku ya kuchelewa, kifungu cha 74 hukichukulia kiasi hicho kuwa kikomo cha juu: mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Walaji wengi hulipa kiasi chote kilichoandikwa kana kwamba ni amri. Kinaweza kupingwa.

Tena ukiukaji hauna upande mmoja. Muuzaji naye hukiuka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hutofautisha sharti la msingi na dhamana, ile inayoitwa waranti madukani. Muuzaji akikiuka sharti la msingi, kwa mfano pampu aliyokuuzia kwa ajili ya kumwagilia ikawa haifai kwa kazi hiyo uliyomweleza, unaweza kuikataa bidhaa. Akikiuka dhamana, unadai fidia lakini bidhaa unabaki nayo. Lile tangazo la ukutani, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", lisikuzuie kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, inayofahamika zaidi kwa herufi FCC.

Maana nyingine ya neno hili ndiyo inayotumika kutishia watu. Kiingereza husema "breach" ya amani, yaani uvunjifu wa amani, na hilo ni jambo la polisi. Kutumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuuleta ni kosa chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Mdai akikuambia kwamba kwa kuwa umefanya "breach" utalala mahabusu, anachanganya mambo mawili, pengine kwa makusudi. Kushindwa kulipa awamu ni shauri la madai. Mahakama pekee ndiyo inayoweza, baada ya hukumu na taratibu zake, kutoa amri dhidi ya mdaiwa. Lakini kuiuza pikipiki kabla ya kumaliza malipo, au kuichukua kwa udanganyifu tangu mwanzo, si kuchelewa tena; hapo jinai inaweza kuingia.

Ipo na maana mpya iliyoletwa na simu. Taarifa za siri zikitoka mikononi mwa aliyezihifadhi, Kiingereza huita jambo hilo "breach" vilevile, nasi tunasema uvujaji. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni huchukua majina yaliyomo katika simu ya mkopaji, kisha anapochelewa hutuma ujumbe kwa mama mkwe, mwajiri na majirani. Mkopaji huyo amekiuka mkataba, ndiyo. Hilo halimpi mkopeshaji ruhusa ya kumwaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla ya kukopa, angalia pia kama mkopeshaji ana leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini.

Ukipokea notisi yenye neno hili, jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Taja tarehe, omba kifungu kinachodaiwa kukiukwa, eleza kiasi unachokubali kuwa unadaiwa na lini utakilipa. Kama mkataba uko kwa Kiingereza, omba tafsiri yake kabla ya kutia saini karatasi nyingine yoyote, hasa ile ya "kurudisha kwa hiari". Usifute ujumbe wa malipo uliyofanya kwa simu, na kama ulilipa taslimu, dai risiti au daftari lenye saini. Msiposikilizana, shauri dogo la mkataba linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako husikilizwa kwa Kiswahili. Muda wa kufungua dai la mkataba mahakamani ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa hiyo hata aliyekwisha kurudisha funguo mwaka jana bado anaweza kuuliza shilingi zake 3,000,000 zilikwenda wapi.