Fizikia Katika Maonyesho ya Magari Yaliyoundwa Upya

Kila mwanzoni mwa mwaka, mjini Pomona karibu na Los Angeles, Marekani, mamia ya magari ya zamani hukusanywa katika kumbi kubwa yakaangaliwa na watu kama vile sanamu zinavyoangaliwa katika jumba la makumbusho. Haya ni maonyesho ya Grand National Roadster Show, yaliyoanza mjini Oakland mwaka 1950 na kuhamia Pomona mwaka 2004. Mgeni aingiaye humo kwanza huona rangi tu na chuma king'aacho. Lakini akijua la kutafuta, ataona kwamba karibu kila kilichokatwa, kilichopunguzwa au kuongezwa katika magari hayo kina sababu ya kifizikia.

Yafaa kwanza kutenga aina mbili. Ziko hotirodi, yaani magari yaliyofumuliwa ili yaende kasi. Na yako magari yaliyorembwa, ambayo mwenyewe alitaka umbo zuri kuliko mwendo. Asili ya hotirodi ni maziwa makavu ya California, kama vile Muroc na El Mirage, ambako sakafu ya udongo ni tambarare kwa kilometa nyingi. Vijana walikwenda huko kushindana, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaunda chama cha Southern California Timing Association ili mashindano yawe na utaratibu na vipimo vya saa.

Gari litakaloonekana mara nyingi zaidi ukumbini ni Ford ya mwaka 1932. Mwaka huo kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, yenye ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Gari lenyewe lilikuwa jepesi. Kijana aliyelinunua likiwa kuukuu aliondoa madigadi, bampa, boneti na hata kioo cha mbele, kwa maana kwa kani ile ile ya injini, tungamo likipungua, mchapuko huongezeka. Hiyo ni kanuni ya pili ya Newton, nao waliitekeleza kwa spana.

Kupunguza uzito, hata hivyo, hakusaidii sana mwendo ukishakuwa mkubwa. Hapo adui ni hewa. Kani ya ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu. Anayetaka kuongeza mwendo wake maradufu, ikiwa kizuizi ni hewa peke yake, hana budi kupata nguvu mara nane: badala ya farasi 65, farasi 520! Ndiyo maana mafundi walikata nguzo za madirisha na kushusha paa, na wakashusha bodi juu ya chesisi, ili eneo linalokabili upepo lipungue. Mwaka 1946 Bill Burke alikwenda mbali zaidi: alichukua tangi la mafuta la ziada la ndege ya kivita, lenye umbo la tone, akalifanya kuwa bodi ya gari. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo la kisayansi kuliko yote katika historia hii, ingawa kwa sura gari lile halikuwa zuri hata kidogo.

Sasa tuitazame injini. Katika injini ile ya Ford valvu zilikuwa ubavuni mwa silinda, si juu yake. Ilikuwa rahisi kutengeneza, lakini moshi wa moto ulilazimika kupita ndani ya bloku kabla ya kutoka, ukayapasha joto maji ya kupozea. Hivyo kuchemka kwa rejeta lilikuwa jambo la kawaida. Uwiano wa mgandamizo ulikuwa 5.5 kwa 1 tu. Mafundi walichonga vifuniko vya silinda, au wakaweka vya alumini, ili kuupandisha. Mwanafunzi wa fizikia aweza kukokotoa faida yake: katika injini kamilifu ya nadharia, ufanisi hupanda kutoka asilimia 49 hadi 56 uwiano ukifikia 8 kwa 1. Lakini valvu zikiwa ubavuni, kifuniko kikishushwa mno njia ya gesi kuingia silindani hubanwa. Kinachopatikana kwa mgandamizo hupotea kwa pumzi. Kizuizi hicho ndicho kilichowafanya wengi baadaye waiache injini hiyo wakachukua zile zenye valvu juu.

Kwa magari yaliyorembwa, litazame gari jekundu linaloonekana kama limechovywa katika sharubati. Chini kuna rangi ya fedha au dhahabu yenye chembe za metali. Juu yake hupakwa tabaka nyingi nyembamba za rangi angavu. Mwanga hupita katika tabaka hizo, hugonga metali, kisha hurudi kupitia zile zile. Hivyo huchujwa mara mbili. Chini ya rangi, magari ya zamani yalizibwa viungo kwa aloi ya risasi na bati, ambayo hulainika kama ugali kabla ya kuyeyuka kabisa na kusawazishwa kwa mwiko wa mbao. Vumbi lake likipigwa msasa ni sumu kwa ubongo na neva, na mafundi wengi sasa hutumia mchanganyiko wa plastiki.

Limebaki jambo ambalo watazamaji wengi hupita bila kuliona. Ford ya 1932 ilikuwa na breki za kuvutwa kwa fito za chuma. Breki za mafuta kampuni hiyo ilizianza katika magari ya mwaka 1939. Gari la kilo 1,000 likienda kilometa 60 kwa saa lina nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 139. Likienda kilometa 120, nishati hiyo ni kilojuli 556, na yote lazima igeuzwe kuwa joto kwenye breki zile zile. Vijana walioongeza nguvu za injini pasipo kubadili breki, kisha wakashindana katika barabara za mjini, walikufa na kuua. Chama cha National Hot Rod Association, kilichoasisiwa na Wally Parks mwaka 1951, kilikusudia hasa kuwatoa barabarani na kuwapeleka kwenye viwanja vyenye kanuni na ukaguzi. Basi mgeni aliyekwisha kustaajabia injini iliyopakwa kromi na ainame kidogo, achungulie nyuma ya gurudumu, aone ni breki gani zimefungwa pale.